Naomba ushauri: kifaa cha kumlinda mama anayeishi peke yake Wete

Mwana Jadida: Assalaam alaykum ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 76 na anaishi peke yake Wete, Pemba, nami nafanya kazi Unguja mjini. Nataka kumnunulia kidani chenye kitufe ambacho, akianguka, atakibonyeza nacho kitanipigia simu kwa laini yake chenyewe. Ni aina gani inayokaa na chaji muda mrefu? Usiku silali kwa kumfikiria.

Bint Mkoani: Waalaykum salaam, kaka. Anza na chooni. Marehemu bibi yangu aliteleza huko akavunjika nyonga, na vyuma vya kushikia ukutani tulivifunga akiwa hawezi tena kusimama. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele mwaka 2016, vishikio hivyo vilikuwamo pamoja na vifaa vya kutambua mtu aliyeanguka, na fundi yeyote wa mtaani anaviweza.

Mzee wa Chwale: Mwanangu, mzazi hakabidhiwi mashine. Sebleni, Welezo na Limbani kuna nyumba za wazee wasio na watu, lakini mama yako ana mtoto. Mchukue ukae naye.

Mwana Jadida: Nilimleta mjini, mzee wangu, akasusa chakula mpaka nikamrudisha. Naomba turudi kwenye kidani.

Fundi Kipangani: Kitufe humfaa mtu anayekumbuka kuwa anacho na anayejua kazi yake. Je, mama hajawahi kusahau jiko likiwaka, au kutoka nje akapotea?

Mwana Jadida: Ramadhani iliyopita vijana waliotoka taraweh walimkuta akiteremka bandarini, akisema anakwenda kumpokea baba, ambaye ni marehemu. Sikulitaja kwa sababu sitaki mama yangu aitwe punguani, na mchana yuko sawa kabisa. Isitoshe, kidani nimeshakilipia, na kinakuja kutoka Dubai pamoja na kamera ya chumbani kwake. Mimi ndiye mwanawe wa pekee, kwa hiyo sioni ubaya wa kumtazama.

Bint Mkoani: Kamera chumbani, kwa mwanamke anayevua buibui akijua yuko peke yake! Mwenyewe umemweleza?

Mwana Jadida: Nitamweleza ikishafungwa.

Msomaji wa Mkunazini: Jamani, huyu alianza kwa kutuuliza anunue nini, na sasa ameshalipia mzigo wa Dubai. Mama huyo nina shaka naye, na nahisi karibuni tutatajiwa bei na namba ya simu ya kuagizia.

Mwana Jadida: Wallahi siuzi kitu. Niliuliza kwa sababu nilitaka kusikia kwamba nilichonunua kinafaa.

Mzee wa Chwale: Msimuapishe mtu kwa jambo la mama yake.

Fundi Kipangani: Awe muuzaji au asiwe, wako wengi humu wenye wazazi wa namna hii. Kwanza apelekwe kwa daktari, kwa sababu kuchanganyikiwa kwa mzee mara nyingine husababishwa na maambukizi ya njia ya mkojo, dawa anazotumia au tezi ya shingo, na hayo hutibika. Pili, mlango wa nje ufungwe kihisi cha sumaku, ambacho vipande vyake viwili vikiachana king'ora hulia. Kinatumia betri, hakihitaji intaneti, na mama hatakiwi kukumbuka chochote. Umeme usiutegemee, kwani hata Unguja ilikaa takriban mwezi mzima gizani mwaka 2008. King'ora hicho kilie nyumbani kwa jirani. Kamera, iwapo mama ataridhia, iwekwe ukumbini ikitazama mlango.

Mwana Jadida: Jirani wa karibu tuna ugomvi naye wa mpaka wa mikarafuu tangu baba yu hai. Hakiwezi kulia kwenye simu yangu tu?

Fundi Kipangani: Kinaweza, vipo vinavyotumia laini ya simu. Lakini kikikuamsha saa nane za usiku nawe uko Unguja, utampigia nani Wete aende bandarini?