MREJESHO: Pasaka ya Kiyahudi nyumbani kwetu

Asanteni sana ndugu zangu. Niliuliza nifanyeje, mimi niliyelelewa Kilutheri Moshi, mume Myahudi, tunaishi Marekani na watoto wanataka Pasaka ya baba yao. Tumeila, tena vizuri mno. Uliyenishauri nisome kwanza Kutoka sura ya 12, Mungu akubariki. Kitinda mimba wetu aliuliza yale maswali manne ambayo mtoto mdogo huuliza mezani usiku wa Pasaka, kwa Kiebrania bila kukwama, akachovya kotimiri kwenye maji ya chumvi, ishara ya machozi ya utumwani. Nililia. Siku zote nane hakuna chapati, maana unga wa ngano hauliwi isipokuwa kwenye mkate wao usiotiwa chachu. Hata ugali tuliacha, maana kwao mume, wenye asili ya Poland, hawagusi mahindi kipindi hicho. Jumapili ya Ufufuo mume naye alinisindikiza kanisani bila kubembelezwa. Sasa Shavuot inakaribia, sikukuu yao ya kukumbuka kupewa Torati ambapo huliwa vyakula vya maziwa, mwenye mapishi ya jibini anisaidie.