Mrejesho: boti kubwa nimechukua

Wakuu, niliwauliza: nifunge injini kubwa kwenye kiboti changu cha mita nne au ninunue boti ya familia? Mlionionya kuwa uzito wa injini ungekizamisha nyuma, asanteni. Nimekiuza, nimechukua boti ya fiba ya mita saba.

Jumamosi tulitoka Moshi alfajiri, tukaishusha Bwawa la Nyumba ya Mungu: mke, watoto watatu na mama mkwe, kila mtu na jaketi okozi lake. Mama alipakata hotpoti ya mtori mwanzo mwisho. Upepo wa mchana ulituyumbisha. Hakumwaga hata tone!

Mafuta inabugia, sifichi. Kikundi chetu cha wenye viboti nimekiaga, spana ya plagi nimewaachia. Hilo limeniuma kuliko kuuza boti yenyewe.