Naomba ushauri: mkimbiaji wangu wa mita 800 hali vya kutosha

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha riadha watoto wa sekondari hapa Tanga, jioni tunakimbia Raskazone. Nina binti wa miaka 15, mwepesi kweli, lakini huu ni mwezi wa pili anabaki nyuma, na muundi unamuuma hata akitembea. Jana nikamuuliza amekula nini tangu asubuhi: chai ya rangi na kitumbua kimoja! Shangazi yake kaniambia hedhi imekatika miezi mitatu, na si mimba, wamepima. Najua mwili usiposhiba huzima hedhi na mifupa hudhoofika, kwa hiyo nimemsimamisha. Baba yake anang'ang'ania akimbie UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Nimwambieje mzee yule? Na hospitali tuanzie kwa daktari gani?