Ummy Mwalimu wizara ya afya: Zika, Korona, Marburg. Yapi yalikuwa yake na yapi ya kiti?

MtotoWaKigamboni

Wakuu habari zenu, na shikamooni kwa mlionizidi umri.

Jana kwenye pantoni wazee wawili walibishana kuhusu Ummy Mwalimu, aliyekuwa waziri wetu wa afya. Mmoja anasema ni waziri aliyeficha magonjwa, mwenzake anasema ni waziri aliyeokoa akina mama. Tumefika Magogoni hawajamaliza. Nimerudi nyumbani nikapanga tarehe, sasa naomba mnisaidie.

Desemba 2016 Dkt. Mwele Malecela, mkurugenzi mkuu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, alieleza kwamba utafiti wao umekuta virusi vya Zika, vinavyoenezwa na mbu, kwenye damu za watu. Haikupita siku mbili waziri Ummy akasema Tanzania hakuna Zika, na Rais Magufuli akatengua uteuzi wa Dkt. Mwele. Machi 16, 2020 ni Ummy huyohuyo aliyetutangazia mgonjwa wa kwanza wa Korona, abiria aliyetoka Ubelgiji akapokewa Arusha. Aprili 29 tukaambiwa wagonjwa ni 480, kisha takwimu za taifa zikakatika. Desemba mwaka ule akahamishwa, akapita Ofisi ya Makamu wa Rais, akapita TAMISEMI (wizara ya tawala za mikoa), Januari 2022 akarudi afya. Machi 2023 anasimama tena na kutangaza Marburg, homa kali ya virusi, mkoani Kagera, na idadi anaitaja: wagonjwa wanane, waliofariki watano.

Mtu ni yuleyule, wizara ni ileile. Nini kilibadilika? Na je, ni haki kumdai yeye binafsi yale ya 2016 na 2020?

Mwenyeji Gongo la Mboto

Aliyebadilika ni Rais, mkuu, kutoka Magufuli kwenda Samia. Waziri anateuliwa kwa karatasi moja na anaondolewa kwa karatasi moja. Mwangalie marehemu Dkt. Ndugulile, mbunge wako wa Kigamboni. Alikuwa naibu wake palepale wizarani, daktari kabisa, na Mei 16, 2020 akaondolewa katikati ya gonjwa. Ulitaka Ummy afanye nini? Huyohuyo Ndugulile Afrika ikamchagua 2024 aongoze WHO (Shirika la Afya Duniani) kanda yetu, akafariki Novemba kabla hajaanza kazi. Bado inaniuma.

Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimekaa wodi ya wazazi miaka 31, hapahapa Dar, nimestaafu 2021. Hospitali siitaji, wenzangu bado wapo kazini.

Nianze na Korona kwa sababu hiyo niliiishi. Ile Machi na Aprili, zamu ya jioni ikiingia, kitu cha kwanza ilikuwa kuulizana namba. Sista mmoja alikuwa na daftari lake, si la ofisi, kila siku anaandika tarehe, wagonjwa wapya, jumla. Ilitusaidia. Namba zikipanda, tulikuwa tunajua kesho tuombe barakoa mapema, nani apangwe chumba cha kujifungulia na nani mwenye pumu abaki kliniki. Baada ya Aprili 29 yule binti aliendelea kuandika tarehe na kuacha nafasi wazi. Mama anakuja na uchungu huku anahema kwa shida, sisi tunaandika "changamoto ya upumuaji" na kumpokea kwa glovu za kawaida. Niliogopa sana miezi ile, na nilikuwa na mama yangu mzee nyumbani.

Kwa hiyo ndiyo, mimi namdai. Ila simdai kila kitu. Mei 3 Rais Magufuli akiwa Chato alisema sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa siri, zimetoka na Korona. Kesho yake wizara ikamsimamisha mkurugenzi wa maabara ya taifa, waziri akaunda kamati ya watu 10. Kwamba waziri hawezi kumpinga Rais hadharani, hilo nalielewa. Lakini mtu wa maabara alikuwa chini yake, kama Dkt. Mwele alivyokuwa 2016, na mara zote mbili hakuna aliyewasimamia. Mimi nikiwa muuguzi kiongozi, mkunga wangu akisemwa na mganga mkuu, nilisimama naye kwanza, mengine tukayasemea ndani. Hapo ndipo ninapomdai Ummy.

Na lipo ambalo huwezi kulipeleka kwa Magufuli peke yake. Februari 2017 Ummy alisitisha huduma za UKIMWI kwenye vituo 40 kwa hoja kwamba vinahamasisha ushoga, na akalitetea mwenyewe hadharani. Mimi ni mtu wa dini. Lakini mtu aliyezoea kuchukua kondomu na kupima mahali anapoaminiwa, ukimfungia mlango hapo, haendi kwingine. Anakaa nyumbani, na ipo siku mkewe anakuja kliniki kwangu na mimba na virusi. Nimewapokea wake wa namna hiyo.

Sasa yule mzee wa pili wa pantoni. Dodoso la taifa la 2015/16 lilisema vifo vya uzazi ni 556 kwa kila vizazi hai 100,000. La 2022 likasema 104. Ni makadirio ya dodoso, hayana usahihi wa kuhesabu majeneza, lakini nilichokiona kwa macho yangu kinaelekea upande huo. Zamani mama anatoka Mkuranga amefungwa khanga tatu, zote zimelowa damu, amepita vituo viwili visivyo na chumba cha upasuaji wala damu. Miaka yangu ya mwisho hao walipungua, kwa sababu vituo vya afya vingi vilianza kupasua vyenyewe. Sasa ipo na M-mama: unapiga 115, dereva wa teksi aliyesajiliwa anakuja kumchukua mama pale ambapo gari la wagonjwa halipo. Si kazi ya Ummy peke yake. Kampeni ya Jiongeze Tuwavushe Salama ya 2018 ilizinduliwa na Mama Samia akiwa Makamu. Ila waziri alikuwa yeye, na jambo la uzazi hakulilegeza. Walimbeza kwamba ni mwanasheria, si daktari. Mimi hilo halikunisumbua hata kidogo. Wizara ina Mganga Mkuu wa Serikali kwa kazi hiyo.

Baba Pacha Tabata

Mama umesema yote, mie naongeza la bima tu. Machi 1, 2024 kitita kipya (orodha ya huduma na bei zake) cha NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kinaanza, hospitali kadhaa za binafsi zikagoma kwa sababu ya bei. Nilikuwa na mmoja wa pacha, homa 39. Hospitali moja, jina naliacha, mapokezi walinirudishia kadi dirishani, nikalipa taslimu hela ya kodi. Na mwaka mmoja kabla, Toto Afya Kadi, ile ya 50,400 kwa mtoto, ilikuwa imesitishwa. Hapo hakuna Magufuli. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni Novemba 2023 akiwa waziri na naipongeza, lakini mimi mtoto wangu alikuwa na homa Machi.

MtotoWaKigamboni

Asanteni sana. Mama, kwa hiyo unakubaliana na ndugu wa Gongo la Mboto kwamba 2023 alitangaza kwa kuwa Rais alibadilika?

Mkunga Mstaafu

Nusu tu, mwanangu. Marburg ya 2023 aliisema mapema, ikaisha Juni 2 ikiwa imechukua watu sita, na nilimpongeza kwa sauti hapa sebuleni. Lakini Ummy aliondoka Agosti 2024, akaja Jenista Mhagama. Januari 2025 WHO inasema Kagera kuna washukiwa wa Marburg, waziri anasema vipimo havijaonyesha kitu, na Januari 20 Rais mwenyewe, akiwa na Dkt. Tedros, mkuu wa WHO, anathibitisha. Rais alikuwa Samia yuleyule. Kwa hiyo usiniambie ni Rais tu. Mimi nataka mkuu wa maabara na Mganga Mkuu wawe na ruhusa ya kisheria kutoa majibu siku yanapotoka, bila kuuliza leo waziri ni nani.

MtotoWaKigamboni

Nimekuelewa mama. Yule sista mwenye daftari, aliendelea kuandika tarehe mpaka lini?

Mkunga Mstaafu

Mpaka Juni 1, vyuo vilipofunguliwa. Baada ya hapo zile kurasa alizitumia kuandika presha za wagonjwa wake.