Tupeane uzoefu: Mazabodi ya AGP iliyochelewa kuja, inafaa kununua?

Kabati la Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jamaa Kariakoo ana mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya zamani ambayo haijawahi kutoka kwenye boksi lake. Ni ASRock ya soketi 775, inabeba prosesa ya Core 2 Duo, na ina sloti mbili za kadi ya picha: moja PCI Express, nyingine AGP. Anataka elfu tisini, nimemshusha hadi sabini na tano.

Mimi kabatini nina kadi ya picha ya AGP, Radeon 9800 Pro. Niliinunua 2004 kwa kujinyima miezi mitano. Mazabodi yake ilishakufa siku nyingi, kadi ikabaki. Mke wangu ameihamisha droo mara tatu, na kila mara anauliza kama ni kitu cha kutupa.

Kwa wadogo zetu ambao hamkuiona: AGP ilikuwa sloti ya kadi ya picha peke yake, Intel walitoa vipimo vyake 1996. Juni 2004 hao hao Intel wakaleta chipseti (chipu za bodi zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) za 915 na 925 zenye PCI Express, sloti mpya ya kasi zaidi, AGP ikaachwa nje ya mlango. Mtu mwenye kadi nzuri akitaka prosesa mpya, kadi haina pa kukaa. Ndipo zikaja hizi bodi za kuchelewa, za kuwapokea waliobaki.

Nadharia ninayo. Nataka yaliyowakuta nyinyi wenyewe.

Mbao za Tisini

Mkuu, umenikumbusha mbali. Mwishoni mwa 2005 nilikuwa na GeForce 6600 GT ya AGP, haijamaliza hata mwaka. Nikataka Athlon 64 ya soketi 939. Bodi zote nilizoonyeshwa zilikuwa za PCI Express, isipokuwa moja: ASRock 939Dual-SATA2, yenye chipseti ya ULi M1695. Ilikuwa na sloti zote mbili, na zote za kweli.

Nilichofanya ni hiki. Nikanunua bodi na prosesa, nikahamisha kadi yangu, nikacheza nayo karibu mwaka na nusu. Mfuko ulipopumua nikachomoa 6600 GT, nikaweka kadi ya PCI Express kwenye bodi ile ile. Gharama ikagawanyika mara mbili, na hakuna siku niliyokaa bila mashine.

Watu walikuwa wananitisha kwamba AGP itaibana prosesa. AGP 8x, toleo lake la kasi zaidi, inapitisha megabaiti 2,133 kwa sekunde, PCI Express ya kwanza yenye njia 16 za data inapitisha karibu mara mbili ya hapo kila upande. Kwenye karatasi ni pengo kubwa. Kwenye gemu sikuliona, maana kadi ikishajaza picha kwenye memori yake yenyewe haina sababu ya kukimbilia kwenye bodi kila dakika.

Kwangu ilifaa. Ila angalia: nilikuwa na kadi nzuri tayari.

Luthuli Msafi

Mimi niko Nairobi, na yangu si tamu hivyo.

2005 nilipata bodi ya Pentium 4 yenye chipseti mpya ya Intel. Kwenye boksi wameandika ina PCI Express, halafu pembeni kuna jina la ajabu lenye herufi AGP ndani yake. Nikaangalia sloti, kweli umbo ni lile lile, hata ile ndoano ya kushikilia mkia wa kadi ipo. Nikalipa.

Kadi iliingia, Windows ikawaka, nikafurahi. Kisha nikafungua gemu la mpira. Mchezaji anapiga pasi, picha inaganda, mpira unatokea upande wa pili wa uwanja. Nikabadilisha draiva, nikabadilisha ramu, nikasafisha meno ya kadi kwa kifutio cha penseli. Wapi!

Baadaye ndiyo nikaja kuelewa. Ile sloti ilikuwa na umbo la AGP tu. Nyuma yake nyaya zinakwenda kwenye PCI ya kawaida, njia ya zamani ya vifaa vyote, ile ya megabaiti 133 kwa sekunde, na hizo unagawana na kadi ya sauti na vyote vingine vilivyochomekwa humo. Jina la kiwanda nalihifadhi, sitaki kesi, na wala si kimoja pekee kilichofanya mchezo huo.

Dawa yake ni rahisi: usisome boksi, soma chipseti. Ukiona Intel 915 au yoyote ya Intel iliyofuata, halafu unaambiwa ina AGP, rudisha pesa mfukoni. Chipseti hizo hazina AGP ndani yake kabisa. Hiyo yako ya 775 kama chipseti yake ni PT880 Pro ya kampuni ya VIA, AGP yake ni ya kweli. Na kwenye hizo mambo yamegeuka: PCI Express ndiyo dhaifu, ina njia nne tu.

Kabati la Juu

Ni VIA PT880 Pro, nimeisoma kwenye boksi. Asante sana mkuu, hapo umenipunguzia wasiwasi.

Mama Chaji

Mimi naomba niwapinge kidogo, na napinga kwa sababu zilinitoka pesa.

2007 nilikuwa na intaneti kafe Arusha, mashine nane. Zote zilikuwa na GeForce FX 5200 za AGP. Bodi zikaanza kufa moja moja, vijana nao wanalalamika mashine nzito. Fundi akaniambia, "Mama, tununue bodi mpya zenye AGP, kadi zako tunaziokoa." Neno "kuokoa" likaniingia. Nani hapendi kuokoa?

Tukanunua nne za kuanzia. Prosesa mpya, ramu mpya, na FX 5200 zile zile. Kuvinjari kukawa kwepesi, sikatai. Lakini vijana wa gemu, ambao ndio walikuwa wanakaa saa tatu na kulipa, hawakuona tofauti. Kadi ilikuwa dhaifu tangu siku ilipotoka kiwandani. Nilikuwa nimeiwekea nyumba ya matofali mlango wa makuti.

Zile nne zilizobaki nilichukua bodi za kawaida zenye picha ndani kwa ndani, nikachomeka kadi ndogo za PCI Express kwenye mbili tu. Nilipojumlisha, mashine moja ilinigharimu pungufu ya zile "zilizookolewa". Bodi za AGP zilikuwa chache, na muuzaji akijua unaitafuta hiyo hiyo, bei anaipanga yeye.

Kwa hiyo kaka, 9800 Pro ni kadi ya heshima, nakuelewa. Ila mtu asije hapa na kadi yake ya ofisini akadhani uzi huu unamhusu.

Fundi Nyakato

Nimetengeneza mashine Mwanza tangu enzi za Pentium III, naongeza mawili.

La kwanza ni volti. Kadi za AGP za mwanzo zilitumia volti 3.3, zilizofuata 1.5. Zinatofautishwa na pengo kwenye meno ya kadi: likiwa karibu na bati la nyuma ni 3.3, likiwa mbali ni 1.5, zenye mapengo yote mawili zinatakiwa zikubali kote. Nasema "zinatakiwa". Kuna mteja aliniletea kadi ya 1999 yenye mapengo mawili, kumbe ndani ni ya 3.3 tupu. Ikaingia vizuri kabisa kwenye bodi ya 1.5. Nikabonyeza swichi, harufu ikafika kwa jirani anayeuza chipsi. Bodi ile nililipa mimi. 9800 Pro ni ya 8x, si ya 3.3 tupu, hapo huna neno.

La pili ni kapasita, vile vimkebe vya kuhifadhi umeme kwenye bodi. Bodi za miaka ile nyingi zilipata kapasita mbovu, na kukaa kwenye boksi hakuzifanyi kuwa mpya, maana maji yake ya ndani yanazeeka hata bila umeme. Usinunue kwa kuangalia boksi. Itoe, ielekeze kwenye mwanga, tazama vile vimkebe vilivyozunguka prosesa. Kichwa kiwe bapa kama sarafu. Kikiwa na kitumbo, au chini kuna utomvu wa kahawia, punguza bei kwa nusu au uondoke. Kuzibadilisha si kazi kubwa kwa anayejua kuchomelea, lakini iwe kwa bei inayoeleweka.

Kisauni 98

Bwana, mbona hakuna aliyemuuliza anaitakia nini? Mimi ninayo bodi ya ukoo huo hapa Mombasa, na sababu yangu ni Windows 98. Chipseti za VIA bado zina draiva zake. Magemu ya utotoni yanakwenda mbio mpaka mengine hayachezeki.

Tahadhari moja: ukizidisha ramu ya megabaiti 512, Windows 98 inaweza kugoma kuwaka, inasema memori haitoshi ilhali imejaa tele. Ingia kwenye faili la mipangilio la system.ini, sehemu ya vcache, weka kikomo cha MaxFileCache. Halafu bodi hizo zina sloti mbili za ramu ya DDR na mbili za DDR2. Chagua upande mmoja, hazichanganyiki.

Kama unaitakia kazi za leo, sabini na tano unapata kompyuta nzima ya mtumba inayokushinda wewe na mimi.

Mbao za Tisini

Halafu usisahau waya wa umeme wa kadi. 6600 GT yangu ilikuwa na plagi yake, na hiyo 9800 Pro nayo inayo.

Kabati la Juu

Wakuu, mrejesho.

Nilikwenda jana. Nikaitoa kwenye boksi, nikaielekeza dirishani kama fundi alivyosema. Vimkebe vyote bapa, isipokuwa kimoja karibu na sloti za ramu kina kitumbo kidogo. Nikamwonyesha jamaa, akasema ndivyo kilivyozaliwa. Nikafunga boksi taratibu. Kufika mlangoni akaniita: hamsini na tano. Kapasita nimebadilishiwa kwa elfu nane.

Kisauni, nimekuelewa: ni kwa ajili ya magemu tu na kumbukumbu zangu. Nimemwambia hata mke wangu hivyo.

Usiku huu nimeifunga. Kadi imeingia, ndoano imelia ka! Nikawasha. Feni zote zinazunguka, skrini ikakaa nyeusi kidogo, kisha yakatokea maandishi. Kadi imekaa kabatini miaka yote hiyo, na neno lake la kwanza ni kunigombeza kwamba sijaichomekea waya wa umeme.