Mjadala: Kamera ikisema kipuri ni kizima na mkaguzi akasema kibovu, asikilizwe nani?

Mleta mada:
Wadau, viwanda vingi sasa vinafunga kamera zenye akili mnemba juu ya laini ya uzalishaji. Kila kipuri kinachopita kinapigwa picha, programu inaamua: kizima kiende, chenye ufa kitolewe. Lakini programu hiyo haikuzaliwa ikijua ufa. Kuna mkaguzi wa ubora aliyekaa na maelfu ya picha akizitenga: hii nzima, hii ina kasoro, hii ni doa la mafuta tu. Mashine ikishafuzu, mwalimu wake ndiye wa kwanza kupunguzwa kazi. Mimi nasema abaki, tena abaki na mamlaka ya kusimamisha laini hata kamera ikisema kila kitu ni salama. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza:
Napinga. Jicho huchoka. Mtu aliyetazama vipuri vinavyofanana zamu nzima, mwishoni anaona vivuli. Kamera haisinzii. Kama kipuri chenyewe ni cha breki, tuweke rehani maisha ya abiria ili kulinda ajira ya mtu mmoja? Na hofu hii ni ya zamani: roboti ya Unimate iliingia kiwanda cha General Motors mwaka 1961, na mpaka leo viwanda vina watu.

Fundi mitambo:
Kuhusu uchovu nakuunga mkono. Hata mimi sensa za mtetemo zimeniokoa mara nyingi, zinaniambia beringi inaanza kufa kabla sijasikia mlio wowote. Ila sikilizeni hili. Kiwandani kwetu tulibadilisha msambazaji wa chuma. Chuma kipya kiling'aa zaidi kidogo kuliko cha zamani, basi kamera ikaanza kutupa vipuri vizima kwa mafungu huku nyufa nyembamba zikipita. Ilikuwa imefundishwa kwa chuma kile cha kwanza. Aliyegundua ni mama mmoja wa ukaguzi, kwa kupitisha kidole. Wenzake wawili walikuwa wameshaondolewa. Naye angekuwa ameondoka, habari tungeletewa na wateja.

Mleta mada:
Hicho kidole ndicho ninachokipigania! Sisemi kamera ing'olewe, nataka wote wawili. Toyota kwa miaka mingi wamempa mfanyakazi wa kwenye laini kamba ya kuvuta akiona kasoro, na hawakufilisika. Tesla walipokwama na uzalishaji wa gari lao la Model 3 mwaka 2018, bosi wao Elon Musk alikiri hadharani kwamba kuzidisha mashine lilikuwa kosa lake.

Mchangiaji wa kwanza:
Haya, abaki. Akisimamisha laini mara kumi, na mara tisa kamera ikawa ndiyo iliyo sahihi, hasara ya nani?

Mleta mada:
Ya kiwanda. Zile tisa zirudishwe kwenye mafunzo ya programu na yeye alipwe kwa kazi hiyo, maana ni kazi. Ile ya kumi ndiyo breki uliyoitaja.

Fundi mitambo:
Mimi kinachoninyima usingizi ni kingine. Yule mama anakaribia kustaafu. Alijifunza kwa kuanzia chini kabisa, kuchambua vipuri vya kawaida miaka na miaka. Kazi hizo sasa zote ni za kamera. Kijana wa kumrithi atajifunzia wapi?