Saa 40 kwa siku nne halmashauri, inawezekana?

Mdau wa Mwanga
Wakuu, idara moja hapa Kigoma inaandaa pendekezo: saa 40 zile zile, siku nne. Wengine wanataka waanze 12:30 asubuhi. Sheria inasemaje, na kipi hukwamisha?

Masijala
Kifungu cha 21 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinaruhusu hadi saa 12 kwa siku, chakula kikiwa humo humo, bila malipo ya saa za ziada. Sharti kuwe na makubaliano ya maandishi, zisizidi siku 5 wala saa 45 kwa wiki. Saa 10 za kazi na moja ya chakula ni 11: kuingia 1:30, kutoka 12:30 jioni. Hiyo ya chakula ndiyo husahaulika.

Ila mkuu wa idara hajiamulii. 1:30 hadi 9:30 ni utaratibu wa serikali. Andikeni kwa Mkurugenzi kupitia afisa utumishi, muombe majaribio ya miezi mitatu, na ratiba ya kila meza iambatanishwe.

Mwandiga Juu
12:30 asubuhi msahau. Saa za Tanzania zinafuata longitudo 45, Kigoma iko karibu 29.6, kwa hiyo jua linatuchelewea kama saa nzima. Mwezi wowote 12:30 halijachomoza, na wa Ujiji atatafuta bodaboda gizani. Refusheni jioni, 12:30 mwanga bado upo. Ratiba ya Dar msiinakili.

Hesabu Kwanza
Mimi ningeomba utaratibu wa watumishi wa serikali ya Marekani, uliowekewa sheria 1982: ndani ya wiki mbili, siku 8 za saa 9, moja ya saa 8, ya kumi mapumziko. Jumla 80. Wiki moja ina saa 44, nyingine 36, hivyo hamvuki ukomo wa kawaida wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ni ombi jepesi zaidi.

Nusu wapumzike Ijumaa hii, nusu ijayo, dirisha lisifungwe. Lakini mwandaaji na mwidhinishaji wa malipo kwenye MUSE (mfumo wa ulipaji serikalini) muwaweke kundi moja. Mkiwatenganisha, Ijumaa zote mbili malipo yanalala.

Mdau wa Mwanga
Na anayenyonyesha? Likizo je?

Masijala
Haki ya kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku iko pale pale. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo za kalenda, haibadiliki.